Kura ya Chumba cha Uani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Chumba cha uani kiko wazi! Kifungua mimba wangu amehama jana. Amepata kazi mji mwingine, kabeba godoro, feni na pasi yangu. Mama yake kalia. Mimi pia nimelia, ila jicho moja lilikuwa chumbani.

Nakitaka. Nasema waziwazi humu kwa kuwa humu hasomi mtu. Nimevuka hamsini na sijawahi kuwa na mlango wangu mwenyewe wa kufunga. Utotoni tulilala wengi chumba kimoja, halafu bweni, halafu ndoa. Na sasa nina mradi! Masomo mafupi ya video, ya kuwaonyesha watu vitu vya mtandao vinavyorahisisha maisha. Hadi leo narekodia bafuni. Somo la kwanza, la ratiba ya familia kwenye simu, liliharibika Binti alipogonga mlango akiuliza kama nimezimia. Somo la pili, ndoo ilianguka.

Kikwazo ni mama mkwe wangu. Nyumba nzima tunamwita Bibi. Naye anakitaka, kwa ajili ya ushonaji. Cherehani yake imekaa sebuleni, kati ya kiti changu na televisheni, kwa hiyo habari zote za dunia nazipata zimechanganyika na mlio wa sare za shule. Hajasema lolote. Amepima tu dirisha la kile chumba kwa utepe wake, akaondoka anaimba. Sikuupenda ule wimbo.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, hata nyumbani tunamwita Mwalimu, na hapendi mambo yanayoning'inia. Kasema hataki kusikia mvutano kati ya mumewe na mama yake. Tukubaliane kabla ya Jumamosi, la sivyo atakifanya stoo ya vitabu vyake vya shule.

Stoo! Sikubali.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata dawa. Leo kaunta ilikuwa kimya (nauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi), nikawa naperuzi, nikakutana na tovuti ya kupigia kura. Bure! Unaandika swali, unaweka majina, inakupa kiungo. Mtu anabonyeza, kura imeingia. Hakuna karatasi, hakuna kununiana. Nimemwonyesha keshia. Kasema hongera bila kuinua macho.

Wakati wa chakula nikasimama nikatoa hotuba. Uwazi. Haki. Maendeleo. Kila mmoja apige kura kwa simu yake, pamoja na kifungua mimba huko aliko. Nikaongeza kwamba matokeo yatafichwa kwa wote, hata kwangu mimi mtengenezaji, mpaka Jumamosi saa saba mchana. Itaonekana idadi ya waliopiga tu. Hapo nilijiona mtu mzito.

Mwalimu aliniangalia kidogo, kisha akauliza kama niko tayari kufuata matokeo yoyote yatakayotoka. Nikasema nitayafuata kama askari. Bibi akasema yeye hayo mambo hayajui, ila akielekezwa atabonyeza.

Maskini Bibi. Nilimwonea huruma karibu nibadili mawazo.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamka nikapiga hesabu. Ningepiga jana kabla ya kutoa hotuba.

Wapiga kura ni watano. Mwalimu hawezi kumtupa mama yake. Binti anashonewa magauni ya bure na Bibi, huyo hana haja ya kuulizwa. Bibi atajipigia. Nikimshika kifungua mimba kwa ile pasi, bado nimeangushwa.

Lakini je, kuna mahali palipoandikwa kwamba wapiga kura ni watu wa humu ndani tu? Hakuna! Nimetazama mipangilio. Kuna kitufe cha walioalikwa tu, mtu mmoja kura moja. Nimekizima. Nimejipigia kwa simu, nikapiga tena kwa kompyuta ya dukani, nikapiga kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Zote zimeingia. Teknolojia haina choyo.

Mchana shemeji akapiga simu. Ni mdogo wake Mwalimu, anatengeneza kompyuta, na ukoo mzima unamwita Mtaalamu, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Kiungo ameletewa na dada yake aone, akakuta kinampokea hata yeye. Kanishauri niwashe kitufe kile, kwa sababu kikiwa kimezimwa, mtu yeyote mwenye kiungo anaweza kupiga, hata asiyetujua. Nimemshukuru kwa adabu zote. Wivu unamsumbua. Siku zote yeye ndiye wa kurekebisha mambo, leo kaona mimi nimeanzisha jambo likasimama bila mkono wake.

Sijawasha. Badala yake nimeongeza maneno juu kabisa, kwa herufi kubwa: UKISHAPIGA KURA, MTUMIE NA MWENZAKO. Hiyo ni kwa ajili ya wateja wangu wa kesho. Akili inafanya kazi jamani.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya kampeni.

Kila aliyekuja kaunta, nimempimia misumari, nimemfungia, halafu nimemwomba dakika yake. Mwashi mmoja alidhani ni bahati nasibu, akapiga mara mbili. Fundi bomba aliuliza kama kuna punguzo. Nikamwambia lipo la heshima. Akanung'unika lakini akabonyeza. Mama mmoja aliyekuja kununua bawaba alitaka kujua Bibi ni nani na kwa nini nashindana naye. Nikamwambia ni suala la kitaalamu. Huyo sina uhakika alibonyeza wapi.

Bosi kaniita. Kaambiwa naendesha uchaguzi kwenye kaunta. Nikamweleza ni utafiti wa kujua wateja wanapenda nini. Kasema ameufurahia, nimletee ripoti. Balaa jingine hilo, nitalifikiria baadaye.

Nyumbani nimekuta Bibi ameshapiga. Binti ndiye aliyemsaidia. Eti Bibi alivaa miwani, akasoma ukurasa wote kutoka juu hadi chini kabla ya kugusa chochote. Ndivyo alivyo. Hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa huisoma mpaka jina la kiwanda, na maelekezo huyafuata kama yalivyo. Nikamuuliza Binti amempigia nani. Binti akasema kura ni siri, baba, si wewe ndiye uliyetuambia?

Idadi ya waliopiga inapanda vizuri. Wateja wangu wanatumiana!


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Idadi imepaa!!

Asubuhi nilipofungua simu nilidhani macho hayajakaa sawa. Nikaifunga, nikaifungua tena. Kweli. Kufika mchana imezidi mia mbili, na mimi niliombea hata thelathini. Sikujua kwamba fundi bomba ana marafiki wengi kiasi hiki. Kumbe napendwa. Miaka yote nimekaa nyuma ya kaunta nikidhani watu wanakuja kwa ajili ya misumari.

Nikanunua kopo la rangi kwa bei ya mfanyakazi. Samawati ya asubuhi, ndivyo inavyoitwa kwenye kopo. Itatokea vizuri kwenye video. Jioni nikaingiza meza yangu ya kukunja kwenye chumba, ili tu nione itakaaje. Nikafunga mlango. Nikakaa. Kimya. Hakuna aliyegonga. Nikaufungua, nikaufunga tena, kwa raha tu. Nikapaka rangi kipande cha ukuta, pale ambapo kichwa changu kitaonekana.

Mwalimu akatokea mlangoni. Akautazama ukuta, akatazama idadi kwenye simu yake, akaniuliza taratibu, humu ndani tuko wangapi. Nikasema jambo likiwa zuri huvutia watu. Alikuwa na ile sura anayokuwa nayo akiona mwanafunzi anaelekea kwenye jibu lisilo lake na muda bado upo.

Nimemwalika Mtaalamu kesho aje ashuhudie matokeo. Namtaka akae mbele.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Niandike haraka kabla sijakata tamaa.

Saa saba tulikuwa sebuleni wote. Nimevaa shati la kola. Kifungua mimba yuko kwenye simu, sura imeganda mdomo wazi kwa sababu ya mtandao. Mtaalamu kaja na njaa yake kama kawaida. Nikatoa maneno mafupi ya kumfariji atakayeshindwa, huku nikimtazama Bibi kwa upole. Nikafungua.

Mimi: hamsini na kitu.

Bibi: zaidi ya mia nne.

Nikasema mtandao umekosea. Mtaalamu akaichukua simu, akasema mtandao hauna kosa. Akacheka mpaka akalalia mkono wa kiti. Mwalimu akaomba kalamu atoe asilimia. Nikamwomba asitoe. Akatoa.

Basi ikajulikana. Bibi hakufanya hila yoyote, ndiyo inayoniuma. Pale juu kulikuwa na maelekezo kwa herufi kubwa: ukishapiga kura, mtumie na mwenzako. Yeye akayafuata. Akawatumia mafundi wenzake wa kushona, akawatumia wanakwaya, akawatumia wazazi wote ambao watoto wao wanavaa sare zake. Nao wakasoma maelekezo yaleyale. Bibi alidhani mtu asipotuma, kura yake haihesabiwi.

Kulikuwa pia na sehemu ya maoni, hata nilikuwa nimeisahau. Binti akaanza kuyasoma kwa sauti. Mpeni mama chumba, alinishonea gauni la harusi mara mbili kwa sababu la kwanza lilinibana. Mpeni, mwanangu hajawahi kwenda shule na kifungo kinachoning'inia. Mpeni, anakunja vitambaa kila jioni ili watu wapate pa kukaa, amechoka. Yakawa mengi. Bibi aliinamisha kichwa akawa anavuta uzi usiokuwepo kwenye kitenge chake. Mimi sikuwahi kufikiria habari ya kukunja. Kila jioni vitambaa vinakunjwa na mimi nakaa.

Halafu Binti akafika kwenye oni moja upande wangu. Nilidhani ni mwashi. Lilisema: mpeni baba wa watu chumba, anaongea peke yake bafuni, tunaogopa.

Bibi akakohoa. Akasema kwamba ni yeye. Eti mwanaume mzima kujificha na ndoo si jambo zuri, na yeye cherehani hata chini ya ngazi anashona. Kura yake mwenyewe alinipa mimi.

Nikaenda kusimama uani kidogo. Vumbi liliingia machoni.

Niliporudi nikasema chumba ni cha Bibi. Nilikuwa nimeahidi kufuata matokeo kama askari. Mwalimu akanipakulia kabla ya mdogo wake, na mdogo wake akaona.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumehamisha cherehani. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Mtaalamu alishika upande wenye gurudumu, mimi wenye lawama.

Bibi ameipenda samawati ya asubuhi. Akaniomba nimalizie kuta zilizobaki. Nimemalizia. Vitambaa vyake sasa vimetundikwa ukuta mzima, havikunjwi tena, na yeye anapita katikati yake akivigusa kimoja kimoja. Hajaacha kuimba tangu asubuhi.

Sebule imekuwa kubwa ghafla. Nimetazama habari nikaona mpaka viatu vya mtangazaji. Raha! Binti kaja akaegemea bega langu, jambo ambalo halijatokea tangu apate simu yake.

Mchana Bibi kaniita. Kasema yeye baada ya chakula hulala mpaka alasiri, kwa hiyo chumba hukaa bure. Niingie, nifunge mlango, niongee na simu yangu nitakavyo. Sharti ni moja, nisiguse mkasi.

Nimejaribu. Kumbe vitambaa vinakula mwangwi! Sauti yangu imetoka nzito, safi, haina bafu hata kidogo. Jamani nimefurahi. Leo sina la kulalamika.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Somo la tatu limerekodiwa, halijakatizwa na mtu! Nimelipa jina: "Kura za Mtandaoni, Njia Salama ya Kumaliza Ugomvi wa Nyumbani." Nimeeleza kila hatua. Kile kitufe nimeshauri kizimwe, ili watu wawe huru. Bosi nimempelekea somo hilohilo kama ripoti.

Nimewaza pia. Bibi alinipigia kura mwenyewe. Maana yake moyo wake uko upande wangu, ni suala la kumsogeza taratibu. Mchana peke yake haunitoshi. Nahitaji asubuhi za Jumamosi, na jioni mbili tatu za wiki.

Na nimepata tovuti nyingine! Ni jedwali la kuwekea nafasi ya chumba. Mtu anaandika jina lake kwenye saa anazozitaka, saa zinakuwa zake. Bure kabisa. Nimeliacha wazi kwa yeyote mwenye kiungo, ili niweze kuingia kwa majina tofautitofauti. Maneno ya juu sikuwa na haja ya kuyaandika upya, nimeyahamisha yalivyo kutoka kwenye ile kura. Yalifanya kazi sana.

Bibi amesikia habari zake jikoni. Ameuliza kama na yeye anaweza kupata hicho kiungo, aone tu kilivyo. Nimefurahi kuona mtu wa umri wake anapenda maendeleo.

Nimemtumia. Ameenda kutafuta miwani.