Robo Mzunguko Tu

Jumatatu, tarehe 4

Baba amesafiri kwenda kwa baba mkubwa. Atarudi Ijumaa. Jumamosi gari lake litampeleka dada harusini. Gari lenyewe limenizidi umri. Ameniachia ufunguo na amri mbili: niliwashe kila asubuhi kwa dakika kumi, nisiguse kitu chini ya boneti. Ya pili aliisema mara mbili. Ananijua.

Jioni akapita binamu, fundi wa gereji, akaona moshi mweusi ukitoka nyuma. Akasema mafuta yamezidi hewa, bibi harusi atafika mweusi kama chungu. Nikajibu kwamba hilo nalijua. Akauliza, eti msomi, kabureta iko mbele au nyuma? Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko hicho ndicho kilichoniuma.

Jumanne, tarehe 5

Nimeazima kitabu maktaba. Kila kitu kimo! Ubavuni mwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, kuna skrubu ndogo. Ukiikaza, mafuta yanapungua. Ukiilegeza, yanaongezeka. Robo mzunguko tu, baba hatajua.

Kitabu kinasema nisafishe kwanza. Nikasafisha kwa kitambaa chenye petroli, taratibu, kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Kitambaa kikatoka na uchafu na wekundu kidogo. Kutu, nikajiambia.

Nikakaza robo. Moshi ukapungua! Nikakaza robo nyingine. Moshi ukatoweka, injini ikawa inaimba. Hapo mwenye akili zake angeacha. Robo ya tatu: ikakohoa, ikazima.

Jumatano, tarehe 6

Haikuwa kutu!

Mama ameniambia, huku akichambua mchele bila habari. Siku baba aliponunua gari alitia matone mawili ya rangi ya kucha, moja kwenye skrubu, moja kando yake. Matone yakitazamana, mambo ni sawa. Huyakagua kila arudipo safarini.

Baba hagombi, hunyamaza. Dada alipomvunjia redio alinyamaza siku kumi na moja. Nilizihesabu.

Nimelegeza, nimekaza, nimelegeza tena. Gari linawaka, ila linakohoa. Sijui nilikotoka wala nilipo. Sasa kila kitu kinanikoholea: bomba la maji, paka wa jirani, mama.

Alhamisi, tarehe 7

Binamu amekuja tena, gari likiwa limewashwa. Nikasimama mbele ya boneti kama mlinzi wa benki. Akauliza mbona moshi hakuna. Nikasema gari limejirekebisha lenyewe. Akanitazama kwa huruma. Afadhali angecheka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliwahi kuandika insha juu ya methali hiyo, nikawa wa kwanza darasani. Nikamfungia binamu lango.

Kisha nikanyata chumbani kwa dada, nikachukua chupa yake ya rangi ya kucha. Matone mawili. Yanatazamana vizuri sana. Mimi ndiye nisiyeweza kuyatazama.

Ijumaa, tarehe 8

Baba amerudi. Hakuvua hata viatu. Akawasha gari, akafumba macho, akasikiliza. Akazima. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya boneti mama alipomwita: wakwe wamefika! Akaenda. Hakusema neno.

Je, hii ndiyo siku ya kwanza kati ya kumi na moja?

Jumamosi, tarehe 9

Njia panda ya pili, taa nyekundu. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nyuma yetu honi za dunia nzima. Dada akaanza kulia ndani ya shela, kichwa juu, asiharibu wanja.

Baba akafungua boneti. Matone yake yalikuwa mekundu. Haya yalikuwa ya waridi, yaking'aa. Akatazama kucha za bibi harusi. Kisha akanitazama mimi.

Nikasema yote, mbiombio, mpaka robo ya tatu.

Binamu akashuka gari la nyuma, bisibisi mfukoni mwa suti. Baba akaichukua, akanipa mimi. Akasema aliyekaza ndiye atakayelegeza. Binamu akaruka: jamani mjomba, watu wanangoja ndoa! Nikaingiza bisibisi kwenye skrubu, nikalegeza. Robo. Baba akawasha: kimya. Robo nyingine. Ikawaka! Ikatulia, bila moshi.

Baba akaninong'oneza kwamba kwa miaka ishirini na sita moshi ule ulimkera, na kwa miaka ishirini na sita aliiogopa skrubu ile. Kisha akaniambia nisiiguse tena maishani.

Tulichelewa dakika tisa. Shangazi alitangaza kumi na tano.

Jumapili, tarehe 10

Baba anaongea! Ameomba hata chumvi mezani.

Nimegundua kwamba saa yake ya ukutani, aliyorithi kwa babu, inachelewa dakika mbili. Nyuma ina skrubu ndogo. Robo mzunguko tu. Baba amelala kidogo baada ya chakula, nami nimeshaishusha. Safari hii nitafuata utaratibu: nimeanza kwa kuisafisha vizuri.

Kitambaa kimetoka na wekundu kidogo. Kutu, bila shaka.