Kibodi ya Kukunja Mezani kwa Bi. Kuchera

Jumatatu, 5 Machi 2001. Moteli, Yankton.
Theluji tena. Soksi zimelowa. Lakini leo mimi ni mtu mpya. Nimenunua kibodi! Inakunjwa mara nne, inaingia mfukoni mwa koti. Unaikunjua, unaichomeka kompyuta yangu ya kiganjani kwa juu, basi, una ofisi nzima popote ulipo.

Imekuja wakati wake. Makao makuu Omaha wameamua kwamba sisi mawakala wawili wa kuuza maghala ya chuma ya nafaka tubaki mmoja. Ama mimi, ama Doyle Haverkamp. Doyle ni mzee, mnene, anaandika oda za wakulima kwenye karatasi za kupangusia mdomo. Namhurumia. Ijumaa kila mmoja anatoa ripoti mbele ya Bi. Pomeroy, bosi mpya. Yangu itakuwa imechapwa.

(Haya naandika kwa kalamu. Betri ni za kazi.)

Jumanne, 6 Machi.
Kibodi haitaki mapaja. Niliiweka mapajani ndani ya gari, ikajikunja katikati na kunibana kidole. Kidole kimekuwa cheusi.

Mchana mgahawani nikaipanga juu ya kaunta, watu wote waone. Nilipogonga herufi ya kwanza, kibodi ikateleza na kompyuta ikazama kwenye mchuzi wa nyama. Mchuzi wa Doyle! Alikuwa amekaa kiti cha pili. Akaitoa kwa kijiko, akaifuta taratibu kama mtoto mchanga, akaniuliza kama isingekuwa rahisi kuongea na watu tu. Nikamwambia dunia imebadilika. Akasema, "Naona, Lyle. Siku hizi inaliwa pamoja na viazi." Mgahawa mzima ukacheka. Nilicheka pia, ila si kwa moyo.

Usiku nimechapa juu ya ubao wa kupigia pasi. Ndicho kitu pekee kilichonyooka humu chumbani.

Jumatano, 7 Machi.
Nimepata mbinu. Kesho tuna miadi kwa Bi. Arlene Kuchera, mjane, shamba kubwa kupita yote upande wa Tyndall. Mumewe Ladislav alifariki Januari. Atakayepata oda ile amepata na kazi. Miadi ni saa nane mchana. Nimempigia Doyle, nikamwambia mama kaisogeza mpaka saa kumi. Akanishukuru! Akasema mimi ni muungwana.

Nilijisikia vibaya kidogo. Nikala chipsi za mashine ya moteli, ikapita.

Alhamisi, 8 Machi.
Nilifika mapema. Bi. Kuchera ni mdogo wa umbo, mnyoofu, kavaa sweta la kiume lililomfika magotini. Akanikaribisha kahawa na kolachi, maandazi yenye plamu katikati. Meza yake pana, ngumu, imara. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikakunjua kibodi.

Akaanza kunieleza asubuhi ile aliyofariki mumewe. Ladislav alitoka kukoroga nafaka ghalani, isigande. Alikawia. Yeye akafikiri anaongea na mbwa. Mimi nachapa. Kwa kasi! Sikukosa neno. Akasema alipotoka alimkuta ameketi, amegemea ghala, glavu moja mkononi. Nikamwomba arudie hapo kwenye glavu, maana kidole kibovu kilinichelewesha.

Akaniangalia. Akauliza, "Unaandika nini, Bwana Sandvig?"

Nikamwambia, "Kila kitu, mama. Hakipotei kitu hapa."

Akaikunja mikono ya sweta, mmoja, kisha mwingine. Nikatumia nafasi ile kurekebisha makosa ya herufi. Nilipomuuliza idadi ya maghala anayohitaji, akasema kahawa yangu imepoa.

Saa kumi kamili Doyle akaingia bila hata kalamu. Akavua kofia, akasema, "Arlene, pole mama. Nimeikosa sauti ya Ladislav tangu nilipoingia hapo getini." Akamkumbatia. Mama akalia kwa sauti, nadhani kwa mara ya kwanza. Nikaaga. Hakuna aliyenisikia.

Nikiwasha gari niliwaona dirishani: Doyle anaosha vyombo, mama anaongea, anaongea.

Usiku. Balaa! Kompyuta nimeisahau garini, baridi imeua betri. Nimechomoa betri za rimoti ya televisheni. Ikawaka, safi kama siku ya kununuliwa. Hamna kitu ndani. Kumbe betri zikifa, kumbukumbu yake nayo hufutika: ripoti zote zimekwenda. Mwenye moteli amegonga mlango akidai betri zake. Nimemwambia sijui lolote. Akachungulia rimoti iliyo wazi kitandani, akanitazama, akaondoka.

Ijumaa, 9 Machi. Omaha.
Niliamka alfajiri, nikachapa ripoti upya kwa kukumbuka, pale nisipokumbuka nikabuni. Kurasa nne.

Bi. Pomeroy akazisoma zote. Kisha akaniuliza swali moja: je, Bi. Kuchera anaendelea na kilimo, au anakodisha shamba?

Nikapekua kurasa. Glavu ipo. Mbwa yupo. Jibu halipo.

Akamgeukia Doyle. Doyle akajibu polepole, akiangalia viatu vyake, kwamba binti wa Bi. Kuchera, Marketa, anarudi kutoka Minneapolis, watalima wote wawili, na wanahitaji maghala matatu. Kisha akaongeza kwamba mimi ndiye niliyefika kwanza kwa mama. Alidhani ananisaidia.

Kazi amepewa yeye.

Maegeshoni alinishika bega. Macho mekundu. Akasema hakulala, anajua nina nyumba ya kulipia, na tule pamoja Jumapili, mkewe anapika bata. "Njoo, ndugu yangu. Usikae peke yako." Nikamwambia nitaangalia ratiba. Nikaanza kuitafuta kwenye kompyuta, betri zikaisha. Alisubiri kwenye upepo mpaka nikamwambia aende.

Jumapili, 11 Machi. Nyumbani.
Sikwenda. Nyumba kimya, theluji imefunika ngazi, hakuna nyayo.

Nimekaa nikachambua kwa kina nilipokosea. Sasa naona wazi kabisa: kibodi ile inakunjwa mara nne. Ni nyingi mno, ndiyo maana inayumba. Ipo nyingine inayokunjwa mara mbili tu, na vitufe vyake havina kelele kabisa. Mtu anaweza kukueleza chochote asijue kama unaandika. Kwa kifaa kama hicho, oda ya Kuchera ilikuwa yangu.

Naandika barua ya kuiagiza. Simu imelia muda mrefu sana, labda Doyle na bata wake; sikuipokea. Nilikuwa katikati ya sentensi.