Sakafu Iliyonuka Busaa

Jamani, leo nimeaibika mpaka nikaomba ardhi ipasuke inimeze. (Ilijaribu. Mtasikia.)

Mzee Shadrak, baba yake Rael, alikuja kutoka Turbo kukagua nyumba yangu hapa Eldoret. Ni mzee wa kanisa. Mtu anayenuka pombe hamsalimii. Akiridhika na nyumba, ananipa binti yake. Asiporidhika, basi.

Sasa, udongo wetu huku ni mweusi na mkaidi. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka. Wenzangu wakitengeneza sakafu huuchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu. Mimi, karani kwenye kinu cha Kaburu, nikaona hayo ya kizamani! Nyuma ya kinu pumba za mahindi hutupwa bure, na zikiloa zinanata kweli. Nikazikanda na udongo, nikashindilia. Siku zikapita, sakafu haina ufa hata mmoja. Nikajipongeza. (Mjinga mimi!)

Shida ni moja tu: ilikataa kukauka. Basi leo asubuhi nikawasha jiko la makaa ndani, nikafunga dirisha. Lo! Joto likachachua pumba zote. Mzee anapiga hodi, nyumba nzima inanuka busaa, ile pombe ya mahindi.

"Kijana, pombe umeficha wapi?"

"Ni sakafu, Mzee! Nilichanganya pumba na udongo."

"Unafikiri mimi nimezaliwa jana?"

Akainama, akachungulia chini ya kitanda mwenyewe. Hakuna kitu. Nikapumua. Akasema haya, tupige magoti tuombe. Tukapiga. Magoti yake yakazama, pwaa! Suruali ya Jumapili ikajaa tope. Nikawa namvuta kwa mikono yote miwili.

Hapo ndipo jirani yangu Wafula alipoingia bila hodi, mrija wake wa kunywea busaa mkononi.

"Karani! Kumbe unapika na unatunyima? Harufu imefika mpaka kwangu!"

Mzee hakufoka. Angefoka ningepata nafasi ya kujitetea. Alichukua kofia yake, akasema, "Rael hatakuja hapa," akaenda zake.

Nimelia, sioni haya kusema. Nampenda yule msichana. Na Wafula bado yuko hapa, anazunguka chumbani, hataki kuamini kwamba hakuna chungu.

Naomba msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia achekee nje. Humu ndani sakafu haijashika.