Nusu Turubai

Jumatano, 5 Februari

Nafasi imebaki moja. Pasaka chama chetu cha kutembea milimani kinaivuka milima hadi upande wa pili, na tunaoigombea nafasi hiyo ni wawili: mimi na Tipene. Tipene anauza mbolea. Anatembea kama ng'ombe aliyeshiba. Mji wetu mzima wa Hokitika unampenda. Sielewi.

Kiongozi ni Noeline, mama mwenye magoti ya chuma. Ametuambia Jumamosi tulale naye porini, bila hema, bila kibanda. Kila mtu na turubai lake na bivi yake, yaani ule mfuko usiopitisha maji, unaofunika mfuko wa kulalia. Asubuhi atapita na chai, kawaida yake. Atakayetoka mkavu ndiye anakwenda.

Nimetazama video. Nyingi. Sasa mimi ni mtaalamu.

Alhamisi, 6 Februari

Sikukuu ya taifa, kazi hakuna. Nimepima turubai jikoni. Zito. Nimelikata katikati, nusu nimempa dada yangu Shona afunikie kuni. Akauliza hiyo nyingine itanitosha vipi. Nikamweleza kwamba bivi yenyewe haipitishi maji, turubai ni pambo tu. Akasema, "Haya, profesa. Taulo liko kabatini."

Mafuta ya kufukuza visubi, wale wadudu wadogo wanaong'ata, nayo nimeyaacha. Uzito.

Jumamosi, 8 Februari, jioni

Tumefika kando ya mto. Njia nzima nilikuwa mbele, karibu kukimbia, ili niwahi mahali pazuri. Nimepapata. Kibonde, sawa kama meza, laini kama godoro. Tipene alipofika alikuta pamebaki juu tu, penye mizizi. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Akasimama ananitazama. "Brodie, ndugu yangu, nyasi zote hapo zimelala upande mmoja. Umeziona?" Nikamwambia ni upepo. Wivu mbaya.

Turubai nimelifunga juu kabisa, kwa fimbo mbili za kutembelea, nikae chini yake kitako nikinywa kakao kama mtu mwenye heshima zake. Tipene la kwake kalifunga chini, upande mmoja umegusa ardhi. Anaingia kwa kutambaa kama mjusi. Nilicheka.

Noeline akapita. Akauliza mvua ikija na upepo itaingilia wapi. Nikamjibu haitaingia. Akasema, "Mm." Noeline akisema "Mm" hiyo ni sifa.

Visubi wamekuja. Wananing'ata mpaka kwenye nyusi. Tipene amejipaka mafuta yake, anapiga mluzi. Lakini akili ninayo: naingia ndani ya bivi, nafunga zipu mpaka mwisho. Visubi watabaki nje wakisikitika.

Jumapili, 9 Februari

Naandika ndani ya gari.

Kisubi hata mmoja hakuingia. Hilo liandikwe. Shida ni kwamba pumzi yangu nayo haikutoka. Nilipumua saa nyingi ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ikageuka maji, nikalowa kabla hata tone halijadondoka. Halafu mvua ikaja, mvua yetu hii inayokuja kwa ubavu. Nusu turubai ilinifunika kifua. Nikafungua zipu ili nipumue. Hapo hapo kibonde kikajaa maji. Bivi haipitishi maji, ni kweli kabisa: yaliyoingia hayakutoka.

Asubuhi nikasikia sufuria ya chai inakuja. Bado nilikuwa na mpango. Nikatoa mkono mmoja tu, nikamwambia Noeline niko mkavu, niko vizuri, chai nitainywa humu humu.

Akasema, "Brodie, mwanangu, unaelea."

Tipene akatambaa akatoka, mkavu kama biskuti. Akanipa soksi zake za akiba. Zina joto sana. Sielewi.

Jumanne, 11 Februari

Noeline amepiga simu. Nafasi ni ya Tipene. Kwa upole akasema Pasaka kuna safari nyingine, ya familia zenye watoto wadogo, wanalala kwenye kibanda chenye jiko na magodoro. Akauliza kama nitapenda. Nikamshukuru, nikakubali.

Shona akasema angalau nimejifunza kitu. Nimejifunza, ndiyo. Nimekaa nimelifikiria jambo lote kwa utulivu. Maji yaliyonipiga usoni yalitoka wapi? Yalichuruzika kutoka kwenye turubai. Sasa mtu asiye na turubai yatamchuruzikia kutoka wapi?

Familia zitalala kibandani. Mimi nitalala nje, na bivi peke yake, watoto wale waone mapema maana ya kusafiri mwepesi. Noeline bado sijamwambia. Atasema "Mm."