Msomi na Taa ya Juu ya Gesti

Kinyozi alikuwa amemaliza shavu moja la Msomi, la pili bado lina povu, mtu alipopiga kelele barabarani kwamba kuna kitu angani. Duka likabaki tupu. Wateja, kinyozi na wembe wake, wote nje. Msomi akawafuata na kitambaa chake shingoni, kwa sababu popote watu wanapokusanyika midomo wazi, yeye huona kama ameitwa kazini.

Juu ya kilima, upande lilikozamia jua, taa nyeupe ilikuwa imetulia tuli.

"Ni chombo hicho," alisema kinyozi. "Kinatuangalia."

"Wewe una nini cha kuangaliwa?" aliuliza muuza vocha. "Labda kinataka kunyolewa."

Msomi alikuwa ameshajua ni nini. Jina hilo la Msomi alijipa mwenyewe, kwa kuwa shule ilimpa mengine. Ila katika mji mmoja huko nyuma aliwahi kuuza nyota, yaani kuwatabiria watu bahati zao, na kazi ile ilimlazimu ajifunze mambo mawili matatu ya kweli ya kuchanganyia uongo. Ile ilikuwa sayari ya Zuhura, ambayo huwaka zake jioni bila kumkosea mtu.

Kilichomvutia kilikuwa chini ya taa. Pale kilimani palikuwa na gesti moja iliyochoka, na juu ya paa lake bapa watu walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa mistari. Watu hawapangiwi viti bure.

"Nimalizie hili shavu upesi," alimwambia kinyozi. "Nina mgonjwa."

Kesho yake alipanda kilima akiwa amevaa koti jeupe. Koti lile alilinunua mitumbani, na kabla yake lilikuwa la muuza nyama. Doa lililobaki kifuani alilieleza kwa neno moja tu, kemikali, na hakuna aliyewahi kumuuliza la pili. Gari lake dogo, kuukuu lakini linalong'aa, aliliegesha pale ambapo lingeonekana vizuri kutoka mapokezi.

Mwenye gesti alikuwa mama mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Wote walimwita Mama Gesti.

"Shikamoo, mama. Natoka Taasisi ya Mambo ya Anga. Nimetumwa kuja kutoa maelezo."

"Marahaba, mwanangu. Maelezo ya nini tena?"

"Ya ile taa." Msomi akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Ile ni Zuhura, mama. Sayari. Leo jioni itabidi nisimame mbele ya wateja wako niwaambie."

Mama Gesti akaketi. Akaeleza kwamba vyumba vyake vilikuwa vitupu tangu barabara kubwa ilipohamishiwa upande wa pili, na kwamba hiyo taa ndiyo iliyomrudishia uhai. Wakijua ni nyota tu si watabaki kwao waitazame wamelala chali uani?

"Nakuonea huruma," alisema Msomi, na kusema kweli alimwonea, kiasi ambacho hakiathiri kazi. "Taasisi yetu ina neno jingine. Mtaalamu akichunguza asipate jibu, huandika: haijulikani. Neno hilo ni gumu kulipata. Lina gharama zake."

Wakaelewana. Msomi alipewa chumba cha mbele, chakula mara tatu, na fungu lake katika viingilio vya kila jioni. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya paa, kuitazama taa kwa darubini iliyopasuka kioo, kunyamaza kidogo, kisha kutamka: "Haijulikani." Watu walipiga makofi. Wengine walitokwa na machozi.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Lakini Msomi alikuwa na kiu ya mtu ambaye maisha yake yote amelala kwenye vyumba vya kupanga na kuviaga kupitia dirishani. Hajawahi kuwa na mlango ambao ufunguo wake ni wake. Usiku alilala akiuwaza mlango huo, na asubuhi alikwenda kutafuta maelezo mapya.

"Mama, Taasisi inasema huenda ni puto," alimwambia wakati wa chai. "Lile la watu wa hali ya hewa. Likipigwa na jua la machweo linang'aa kama taa. Nitalazimika kulitaja."

"Jamani! Na puto tutalijuaje, mwanangu? Mimi sikusoma."

Hakuna kitu kilichomlegeza Msomi kama mtu asiyesoma. "Puto huenda na upepo," alieleza akipaka mkate siagi. "Kitu kinachoukabili upepo na kusimama palepale, hicho si puto hata kidogo."

"Loo. Na Zuhura je?"

"Zuhura haichezi. Ingetikisika hata kidogo tu, maelezo yangu yote yangekwenda na maji."

Mama Gesti akamwongezea fungu, puto likazikwa. Jioni ile taa mbili zilitokea. Ya kwanza ilikuwa Zuhura, kama kawaida yake. Ya pili ilikuwa chini kidogo, nyekundu, imesimama ikiukabili upepo mkali wa kilimani, na kila baada ya muda ilitikisika.

Msomi akafuta darubini. Akajiambia ni macho. Kisha akasema "Haijulikani", na kwa mara ya kwanza neno hilo lilitoka peke yake bila kusukumwa.

Asubuhi akaja na ndege. "Ndege ina kishindo, mama, na taa zake hupepesa." Jioni, kitu kikapita kimya kabisa juu ya vichwa vyao, taa zake hazipepesi hata kidogo. Akaja na setilaiti, zile zinazofuatana kama siafu. "Hizo hunyooka moja kwa moja, hazijui kurudi nyuma." Jioni kitu kikaenda, kikageuka, kikarudi. Akaja na droni za wapiga picha za harusi, ambazo huvuma kama nyuki. Jioni ile hakukuwa na mvumo, ila upepo tu na sauti ya fundi antena, mdogo wake Mama Gesti, akigongagonga kitu kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Bwana yule wa makamo alikuwa mtu wa kazi, hapandi hata paani kutazama. Msomi alimdharau kwa hilo.

Maelezo yakamwishia. Mtu aliyeishi kwa kutoamini chochote alijikuta ameketi kitandani usiku kucha. Aliogopa, tena sana. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu utotoni: kumbe duniani kulikuwa na kitu kimoja ambacho si uongo wa mtu.

"Koti lako limechafuka, mwanangu," alisema Mama Gesti siku hiyo. "Lete nikufulie. Likikauka nitalipiga pasi."

Jioni ile kikaja kikubwa. Kilipanda polepole kutoka nyuma ya nyumba, cheupe, kinawaka kwa ndani, na watu wote paani wakasimama. Kilikuwa na mabega. Kilikuwa na mikono miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia, na kwenye kila kiganja kulikuwa na mwanga. Kikainama mbele, kama anayesalimia.

"Kina mikono!" alipiga kelele Msomi, akasahau darubini, akasahau Taasisi. Akakipungia. Nacho, tunaapa, kikampungia.

Walipokwisha kushuka, alimkuta Mama Gesti jikoni anajifuta machozi.

"Mimi siwezi tena, mwanangu. Kimenipungia mkono. Nimeogopa. Nataka kuondoka nikaishi na dada yangu, hii gesti nimwachie yeyote."

Moyo wa Msomi uliruka. Dunia nzima ingekuja kwenye paa hili, na huyu mama alitaka kulitupa! Akauvaa uso wake wa daktari.

"Una haki ya kuogopa. Vitu hivi vina mionzi, mama. Hata kuta zimeshaingiwa. Sijui nani ataichukua."

"Hata bure hawaitaki?"

"Labda mimi. Sina mke, sina mtoto. Wacha yanipate mimi."

Mama Gesti akamkumbatia. Akasema Mungu amempa mwana uzeeni, ila kwa dada yake hawezi kwenda mikono mitupu, akataja bei ya kutupa. Mchana uliofuata, Msomi alimkabidhi mkoba wa akiba yake yote, iliyovunwa kutoka miji mingi, na kwa kuwa bado palipungua kidogo akaongeza na gari. Akapewa shada la funguo. Aliona haya kidogo, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye foleni, maana alijua anamwibia mama wa watu. Fundi antena akashika usukani, Mama Gesti akapunga mkono dirishani, gari dogo likateremka kilima likimetameta.

Msomi akafungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake. Akaufunga. Akaufungua tena. Alikuwa na raha isiyo na kifani.

Jioni watu wakajaa paani. Zuhura ikatoka. Wakangoja. Upepo ukavuma, viti vikalia, na angani hapakuwa na jingine.

"Kiko wapi chenye mikono?" aliuliza kinyozi, ambaye alikuwa amewaleta shangazi zake.

Kabla Msomi hajajibu, mzee mmoja mwenye kanzu alijitokeza ngazini akihema.

"Wewe ndiye mtoto wa mpangaji wangu?"

"Mpangaji yupi?"

"Yule mama. Mkataba wake umeisha leo. Amenipitia mchana kuniaga, akasema funguo nizichukue kwa mwanawe, yule msomi."

Msomi akatazama funguo, akamtazama mzee, akazitazama sura za watu waliolipa kiingilio. Kinyozi alikuwa tayari anakunja mikono ya shati.

"Wewe si mtaalamu?" alisema kinyozi. "Hebu tupe maelezo."

Msomi aliyekuwa na maelezo ya kila kitu angani hakuwa na hata moja la hapa duniani. Akatoka mguu niponye, akashuka ngazi tatutatu, akapitia mlango wa nyuma na kujitosa ndani ya kibanda cha fundi.

Juu ya meza vilipangwa vishada vya karatasi vya watoto kurusha, vimefungwa balbu za mapambo ya harusi. Kimoja chekundu. Kimoja chenye mkia wa kukizuia kisiyumbe. Katikati, likiwa limetanuliwa kwa vijiti vya mwanzi, kila mkono umeshonewa tochi, ndani limeshonewa balbu na pindo limefungwa uzi mrefu, lilikuwapo koti lake jeupe. Doa lilikuwa palepale. Mama hakuwa amelifua.

Msomi akakumbuka chai, mkate na siagi. Kila siku alimweleza mama yule kitu cha kweli kinavyotakiwa kuwa, na kila jioni alitengenezewa. Iliuma. Iliuma zaidi kwamba kile kitu kimoja duniani kilichokuwa si uongo kilikuwa ni yeye mwenyewe, amejipungia mkono.

Vishindo vikakaribia. Akang'oa vijiti, akalivaa koti, maana ndiyo mali pekee iliyombakia, akaruka dirisha kama alivyozoea na kuteremka kilima mbio. Kwenye jiwe la kwanza akajikwaa, swichi ikabonyea, akawaka mwili mzima.

Wakazi wa bondeni wanasimulia hadi leo jinsi kiumbe cheupe chenye mwanga mikononi kilivyoshuka kutoka angani, kikapita sokoni bila kugusa ardhi, kikilia kwa lugha isiyoeleweka.

Siku chache baadaye, mbali na pale, mtu mmoja alikuwa kwenye kiti cha kunyolewa, povu usoni, akiwasikiliza wateja wakibishana: wengine wanasema malaika, wengine mzimu, wengine gesi ya mtaroni iliyoshika moto.

"Na wewe, kaka," kinyozi akamuuliza, "unaonaje?"

Mteja alifumba macho.

"Haijulikani," alisema, na safari hii hakutoza kitu.