Krismasi Nyuma ya Pazia

Alhamisi, 19 Desemba 1957

Mchana tumekula ugali wa uwele na mlenda. Sababu? Jana Bwana Mbwembwe alikula hivyo Dodoma. Huyu ni mtu wa mchezo wa redio kutoka Dar es Salaam. Kila Jumatano saa kumi jioni anapanda treni, anashuka mji fulani, anakula kwa watu. Sheria ya nyumba hii (nimeitunga mimi): anachokula yeye Jumatano, sisi tunakula Alhamisi. Mke wangu Flavia anasema ni wazimu. Watoto hawajalalamika.

Habari kubwa! Jumatano ijayo ndiyo Krismasi, na Bwana Mbwembwe anashuka Tabora! Atakula wali na jogoo wa kuchoma, meza moja, familia nzima, mama mkwe akiwemo. Safari hii hatungoji Alhamisi. Tunakula naye saa ile ile, tonge kwa tonge.

Flavia hakucheka. Kanikumbusha Pasaka. Bwana Mbwembwe alikula asali mbichi, nami nikaleta mzinga nyumbani, na mama yake, Bibi Getruda wa Sikonge, akaumwa na nyuki kwenye kope. Bibi aliapa: nikifanya vituko sikukuu nyingine, anamchukua Flavia na wajukuu wake, wanarudi naye Sikonge. Anakuja Jumatatu.

Vituko gani? Nyuki walikuwa watatu. Haya, arobaini.

Ijumaa, 20 Desemba

Sina redio. Anayo jirani yangu Shaban, fundi wa reli, nami husikiliza dirishani kwake. Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kwa hiyo Shaban ana haki ya kunitukana asubuhi, kunivua kofia mchana na kuondoka na sufuria yangu jioni, nami sina ruhusa ya kununa. Mwezi uliopita alibeba maharage yakiwa bado motoni. Sufuria ikarudi na jiwe ndani. Nilicheka, ilibidi.

Nimemwomba redio siku moja tu. Kaniita mpagazi. Kasema nikipewa mzigo wowote nitajitwika na kuanza safari ya Bagamoyo kama babu zangu. Mwishowe kakubali kwa sharti: jogoo amchinje yeye, aweze kumla, na paja moja ni lake.

Sawa! Atapata la kushoto.

Jumapili, 22 Desemba

Kikwazo kingine: mila. Mtu hali mbele ya mama mkwe wake, wala hawatazamani. Mwaka jana tulikutana njiani, nikajitupa kichakani kwa adabu. Kilikuwa kichaka cha upupu. Huyo Bwana Mbwembwe ni mtu wa Pwani, atajuaje mambo haya?

Suluhisho limenijia kanisani, katikati ya mahubiri. Mungu anisamehe. Pazia! Meza moja, pazia katikati. Upande ule mama mkwe, Flavia na watoto. Upande huu mimi, redio na jogoo. Flavia kauliza kwa nini jogoo akae upande wangu. Nimeenda kutafuta kamba ya pazia.

Pazia lenyewe ni shuka la kitanda chetu. Hilo bado hajalijua.

Jumanne, 24 Desemba

Mama mkwe alifika jana kwa lori, katapakaa tope mwili mzima. Nikakimbilia nyuma ya choo, nikamwamkia kutoka huko. Shikamoo, mama! Akaitikia marahaba akiutazama ukuta wa choo. Flavia anasema mama yake katulia, ila kakagua nyumba nzima akitafuta nyuki.

Redio imefika! Shaban kaniambia nisiiguse hadi kesho saa kumi, betri imechoka. Nimeigusa. Lazima mtu apime sauti. Nimepima taarabu, nikapima hotuba ya kilimo cha pamba, nikapima taarabu tena mpaka ikaanza kukoroma. Sauti safi kabisa.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi!

Saa kumi kasoro dakika tano nikawasha redio. Kimya! Nikaipiga kofi. Kimya. Nikatoka kuianika betri juani, nikakuta mvua. Nyuma ya pazia wali ulikuwa umeshapakuliwa, na mama mkwe anamwuliza Flavia mbona hicho kisanduku hakisemi, au ndiyo vituko vimeanza. Flavia akajibu kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. Nikamwona kabisa mke wangu juu ya lori la Sikonge, na mimi nimebaki na shuka.

Basi nikabana pua, nikafungua kinywa.

Nikatangaza kwamba hapa ni Dar es Salaam. Nikapiga honi ya treni, nikapuliza moshi. Bwana Mbwembwe akashuka stesheni ya Tabora, akauliza ni nani mkwe bora kuliko wote mjini. Stesheni nzima ikamtaja Eustace Lugembe, fundi baiskeli, mtu mpole, pombe haijui, wakwe anawaheshimu mno. Binti yangu Koleta, miaka sita, akasema redio inaongea kama baba. Nikasikia Flavia akimshindilia mnofu mdomoni. Mungu ambariki mke wangu!

Mama mkwe akakolea. Akawa anaitikia redio: ehee, kweli kabisa. Akasema kumbe hata Dar wanamjua mkwe wake!

Ningeishia hapo. Lakini Bwana Mbwembwe sharti ale, na sauti ya kula haitoki kwenye kinywa kitupu. Paja la kulia nilikuwa nimeshalimaliza zamani. Nikang'ata la kushoto.

Wakati huo huo Shaban akaingia kwa mlango wa nyuma kufuata haki yake. Akasikia redio yake inatafuna. Akalivuta pazia lote.

Mimi huyu, vidole viwili puani, paja mdomoni. Mama mkwe yule. Ana kwa ana! Akapiga yowe, akajifunika kanga uso mzima, akatoka mbio kwenye mvua. Shaban akalichomoa paja mdomoni mwangu, akashukuru, akaenda zake.

Alhamisi, 26 Desemba

Wameondoka na lori la asubuhi. Hukumu nimeletewa na Flavia: mbuzi mmoja aliyenona, wa kufuta aibu. Mbuzi asipofika Sikonge, Flavia harudi Tabora. Kaniambia honi ya treni niliipatia. Kisha akalia, nami nikalia, na dereva akatuambia tufanye haraka.

Nimepika ugali, umekuwa uji. Nimekula peke yangu. Nampenda sana yule mwanamke, jamani.

Jumamosi, 28 Desemba

Mbuzi nimempata! Nimetoa baiskeli yangu, nikapewa beberu mnene, anang'aa. Ila siwezi kumpeleka mwenyewe, mama mkwe keshaniona vya kutosha. Anatakiwa mtu asiye ndugu, mwenye ulimi mtamu, mwenye nafasi.

Nimefikiri sana, nikampata. Shaban! Yuko likizo. Na anajuta, nimemwona usoni, leo hakuniita mpagazi hata mara moja. Amekubali kabla sijamaliza kuomba. Kampapasa mbuzi mgongoni, kampapasa mapaja, kasema mzigo kama huu haumshindi. Kaondoka naye saa nne, na kisu, chumvi, ndimu na pilipili. Safari ya Sikonge ni ndefu, mtu makini hujiandaa. Kwanza atapitia kambi ya reli kuwaaga Wazaramo wenzake.

Nimefagia nyumba nzima na kulifua shuka. Sasa ni jioni, na kutoka kambi ya reli inakuja harufu ya nyama ya kuchoma, acha tu! Flavia akirudi kesho nitamwambia tupike kama hiyo.