Uzinduzi wa Jumba la Lugha Iliyopigwa Marufuku

Mheshimiwa Mkuu wangu ambaye hakuweza kufika, Naibu wake ambaye naye hakuweza, wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati ya kuifuatilia kamati ndogo, kina mama mliosimama juani tangu saa mbili, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mnakumbuka walivyokuja wakubwa wa kwanza wakatukataza lugha ya mama zetu, wakaja wa pili wakatukataza ya wale wa kwanza, na shuleni tukavishwa kibao shingoni, kwamba ukiteleza ukasema neno la nyumbani unakivaa mpaka umnase mwenzako umvishe yeye. Mimi sikukivaa hata siku moja. (Sauti ya mama: "Muongo huyo.") Kimkakati, kimchakato na kidijitali, sera yangu, narudia, yangu, imeifufua lugha hii kwa asilimia mia na kumi na mbili. (Makofi ya watu wa ofisini.)

Tunaye hapa shangazi yangu, msuka mikeka, aliyebaki peke yake kuzijua nyimbo zetu zote, na ambaye kwa miaka sita ameniomba sauti yake irekodiwe kabla hajafumba macho. Shangazi, subira yavuta heri. Fomu ya kuomba kurekodiwa inajazwa kwa lugha rasmi tu. (Minong'ono.) Na kwa kuienzi historia, kibao kile kile nimekileta. Atakayesema lugha yetu kabla ya utepe kukatwa, atakivaa.

(Shangazi anasalimia watu kwa lugha yake. Anavishwa. Anamsogelea mheshimiwa anayehutubia, anamwuliza kwa lugha hiyo hiyo kama ameshakula. Mheshimiwa anajibu, kwa lugha hiyo hiyo, kwamba bado. Shangazi anakivua kibao, anamvisha. Watu hoi kwa kicheko.)

Utaratibu, jamani, utaratibu. Haya, nani mwingine atasema neno, nimvishe? Moja tu. Dereva wangu? (Dereva anaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yanamtikisika kwa kicheko.)

Basi, kauli mbiu yetu: Lugha Yetu! (Watu: "Fomu Zenu!") Nawashukuru kwa kuvumilia jua, maana kivuli kingetoka kwenye jumba, na jumba lenyewe hatukuwahi hata kulichora, utepe huu tumeufunga kwenye nguzo mbili za kuanikia nguo, na nguzo ni za kuazima. (Shangazi anaanza kuimba. Simu zinainuliwa, moja, kumi, uwanja mzima.) Shangazi, nimekunasa, njoo uvae. Shangazi? Jamani, hizo simu zigeuzeni. Mimi niko huku.